Kosa la Baadhi na Hukumu ya Wote
Somo katika kuthubutisha khabari zinazosemwa juu ya mataifa

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaumba wanaadamu kwa mume na mke, kisha akawagawanya mataifa na makabila ili wajuane, wala hakuwagawanya ili watukanane. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Katika methali zinazotembea sana vinywani mwa watu wa pwani ni ile isemayo kuwa samaki mmoja akioza, wote wameoza. Wavuvi na wachuuzi hawana shaka nayo, kwa kuwa samaki walio katika pakacha moja hugusana, na uvundo wa mmoja humwingia mwenziwe. Walakini methali hii imetolewa pakachani ikaletwa barazani, na sasa huambiwa watu. Mtu wa taifa fulani akiiba, taifa lake lote huitwa wezi. Vijana wa mji fulani wakipigana, mji wote huitwa mji wa wagomvi. Na khabari ikishaandikwa gazetini, au ikisikiwa katika redio, au ikitembea simu kwa simu, hufanywa ushahidi uliokamilika, na mabishano huanza baada ya sala ya isha yasikome mpaka mwenye baraza afunge mlango.

Watu wengi hudhani ya kuwa ubaya wa jambo hili ni utovu wa adabu tu. Hakika yake ni kubwa kuliko hivyo. Kaumu ikishapewa jina baya kwa kosa la baadhi yake, uwongo wowote utakaosemwa baadaye juu yake hukuta mahali palipokwisha tayarishwa, ukakaa bila ya kuulizwa hati. Mtu hupoteza haki ya kusikilizwa kabla hajashitakiwa. Hili ndilo lililokusudiwa kubainishwa katika kurasa hizi, na mfano wake umetoka Uingereza, kwa sababu mbili. Ya kwanza, khabari zake zimechunguzwa na mahakimu na zimeandikwa. Ya pili, vijana wengi wa pwani wameshughulika na mpira wa nchi hiyo, na jina la Liverpool hulijua kama wanavyoijua mitaa yao.

FASLU YA KWANZA
Kosa lililokuwa kweli

Tarehe 29 Mei 1985, katika mji wa Brussels nchini Ubelgiji, zilikutana timu mbili katika kiwanja cha Heysel kushindania kikombe cha mabingwa wa Ulaya: Liverpool ya Uingereza na Juventus ya Italia. Kabla ya mchezo kuanza, kundi la mashabiki wa Liverpool liliwaendea mbio watu waliokuwa sehemu ya jirani, ambao wengi wao walikuwa Wataliani. Watu wale wakarudi nyuma kwa khofu, wakasongamana penye ukuta, na ukuta ukaanguka. Wakafa watu 39, na mamia wakajeruhiwa.

Kiwanja chenyewe kilikuwa kikuukuu na kibovu, na askari walikuwa wachache mahali palipotakikana wengi. Lakini ubovu wa ukuta haumwondolei dhambi yule aliyewakimbiza watu mpaka wakaufikia. Baada ya kesi ndefu, mahakama ya Ubelgiji mwaka 1989 iliwatia hatiani mashabiki 14 wa Liverpool kwa kuua bila ya kukusudia. Basi hapa pana kosa la kweli, lina watendaji wake, na watendaji wana idadi yao. Mwenye kusema kuwa hapakutendeka neno atakuwa mwongo, na Mwingereza atakayeyaficha hayo kwa kuwa ni aibu ya kwao atakuwa amewadhulumu maiti 39 na jamaa zao.

Baada ya msiba huo, wakuu wa mpira wa Ulaya walizikataza timu zote za Uingereza kuingia katika mashindano ya bara hilo. Makatazo hayo yalidumu miaka mitano, na Liverpool ikaongezewa wa sita. Katika zilizozuiwa imo Everton, nayo ni timu ya mji ule ule wa Liverpool. Siku 14 kabla ya msiba, tarehe 15 Mei 1985, Everton ilichukua kikombe kingine cha Ulaya katika mji wa Rotterdam. Nayo ndiyo iliyokuwa bingwa wa ligi ya Uingereza mwaka ule, na haki yake ilikuwa kwenda kushindania kikombe cha mabingwa. Haikuwako Heysel kwa mguu wala kwa mkono. Ikakaa nyumbani pamoja na waliokuwako.

Huenda mwenye mamlaka akafunga mlango kwa maslaha ya watu wote, na jambo hilo lina mjadala wake. Lililo zito zaidi ni jina lililobaki. Tangu siku ile, shabiki wa Kiingereza akawa kila aendako ni mlevi na mgomvi kabla hajafungua kinywa, na mtu wa Liverpool khasa akabebeshwa damu ya Heysel, ijapokuwa siku ile alikuwa mtoto wa chuoni au mzee aliyelala nyumbani kwake.

FASLU YA PILI
Uwongo uliopata pa kusimama

Ilipokaribia kutimia miaka minne, tarehe 15 Aprili 1989, Liverpool ilikutana na Nottingham Forest katika kiwanja cha Hillsborough, mjini Sheffield, katika nusu fainali ya kombe la Uingereza. Watu wakasongamana nje kwa wingi. Ofisa wa polisi aliyekuwa na amri ya siku hiyo akaamrisha lango kubwa la kutokea lifunguliwe ili watu waingie. Wakaingia, wakaifuata njia iliyokuwa mbele yao chini ya jukwaa, nayo haikufungwa wala hapakuwa na wa kuwageuza. Njia ile ikawatoa katika vizimba viwili vya katikati, ambavyo vilikuwa vimekwisha kujaa. Mbele yao palikuwa na uzio wa chuma. Watu wakabanwa wakiwa wima mpaka pumzi zikawakatika. Idadi ya waliokufa kwa msiba huo imefika 97, na wa mwisho alikufa mwaka 2021 kwa madhara aliyoyapata siku ile. Aliyekuwa mdogo wao wote alikuwa na miaka 10.

Maiti wakiwa hawajaondolewa, ofisa yule aliulizwa kisa cha lango. Akajibu kuwa mashabiki wamelivunja wakaingia kwa nguvu. Naye mwenyewe ndiye aliyeamrisha lifunguliwe. Na mwaka 2015, mbele ya uchunguzi wa vifo, alikiri kuwa aliyoyasema yalikuwa uwongo.

Siku nne baada ya msiba, tarehe 19 Aprili 1989, gazeti la The Sun liliandika katika ukurasa wake wa kwanza, chini ya kichwa kilichodai kuwa huo ndio ukweli, ya kwamba mashabiki wa Liverpool waliwaibia waliokuwa wamelala chini, wakawakojolea askari, wakampiga askari aliyekuwa akijitahidi kumrudishia mtu pumzi. Maneno hayo yalitoka kwa askari polisi na mwanasiasa mmoja, yakapita katika shirika la khabari, gazeti likayapokea na kuyatangaza pasina kuyathubutisha.

Hapa msomaji na asimame ajiulize: kwa nini watu waliyasadiki? Hakuletwa shahidi, wala haikuonyeshwa picha ya mwizi. Jawabu yake ni kuwa watu waliona hawana haja ya shahidi. Waliambiana kuwa hawa ndio wale wale wa Heysel, na mambo yao yanajulikana. Kosa la kweli la mwaka 1985, lililotendwa na watu wenye kuhesabika, lilikwisha kutandazwa juu ya mji mzima; na mwaka 1989 uwongo ulipokuja, ulikuta umetandikiwa. Hata maiti walipimwa damu zao ili wajulikane kama walikunywa ulevi, na katika hao walikuwamo watoto.

Mwezi wa Agosti mwaka ule ule, Jaji Peter Taylor, aliyepewa kazi ya kuuchunguza msiba, alieleza katika ripoti yake ya kwanza kuwa sababu kubwa ilikuwa kushindwa kwa polisi kuwaongoza watu. Lakini karatasi ya jaji haiendi mbio kama karatasi ya gazeti. Waliosoma uwongo wakawa wengi kuliko waliosoma ukweli, na uwongo ukaendelea kusemwa katika mabaraza ya Uingereza kwa miaka mingi.

Tarehe 12 Septemba 2012, jopo lililopewa kuzipitia hati zote za msiba likatoa ripoti yake. Ikabainika kuwa maelezo 164 yaliyoandikwa na askari yalibadilishwa, na katika hayo 116 yaliondolewa maneno yaliyokuwa yakiwalaumu polisi. Hapo ndipo gazeti lile lilipoomba radhi katika ukurasa wake wa kwanza, baada ya miaka 23. Na tarehe 26 Aprili 2016, wazee wa baraza katika uchunguzi mpya wa vifo, mjini Warrington, walikata shauri kuwa waliokufa waliuawa kinyume cha sheria, na kwamba mwenendo wa mashabiki haukuwa sababu ya msiba wala haukuchangia. Imepita miaka 27. Wazee kwa wazazi walizika maiti zao, kisha wakatumia zaidi ya robo ya karne kuwasafisha na uwongo. Na wako waliokufa wenyewe kabla hawajaisikia hukumu hiyo.

Wala msomaji asitoke katika kisa hiki akaingia katika kosa lile lile kwa mlango mwingine, akasema kuwa askari wote ni waongo. Wako askari waliojitahidi kuwaokoa watu siku ile, na maneno yaliyofutwa katika yale maelezo 116 yalikuwa yameandikwa na askari. Ukweli wao ndio uliofichwa na wakubwa wao.

FASLU YA TATU
Hukumu ya sharia

Mambo haya hayakuwa mageni katika dini. Katika Sura ya Hujurat, aya ya 6, Mwenyezi Mungu amewaamrisha wenye kuamini kuwa fasiki akiwajia na khabari waichunguze, wasije wakawadhuru watu kwa ujinga kisha wakajuta. Wafasiri wameeleza kuwa aya hii ilishuka kwa kisa cha Walid bin Uqba, aliyetumwa kwa kabila la Bani Mustaliq kupokea zaka. Alirudi njiani akasema kuwa wamekataa zaka na wamekusudia kumwua. Na kabila lote lilikaribia kupelekewa jeshi kwa neno la mtu mmoja. Ilipochunguzwa, ilionekana kuwa wale watu wamo katika utiifu wao. Msomaji na azingatie kuwa khabari iliyosababisha aya hii kushuka haikuwa khabari ya mtu mmoja. Ilikuwa khabari ya kaumu nzima.

Na katika Sura ya An'am, aya ya 164, imebainishwa kuwa hapana nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Ikiwa mwana habebi dhambi ya baba aliyemzaa, basi vipi mtu wa Liverpool aliyezaliwa mwaka 1986 abebe dhambi ya mtu asiyemjua?

Na katika Sura ya Tawba, kutoka aya ya 97 hata ya 99, Mwenyezi Mungu amewataja mabedui kwa ukali wa ukafiri na unafiki; kisha akawapambanua, akasema kuwa wamo miongoni mwao wanaoona kutoa mali kuwa ni hasara, na wamo wanaomwamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho. Vivyo hivyo katika Sura ya Aali Imran, aya ya 75, Watu wa Kitabu wametajwa kuwa yuko katika wao anayeaminiwa kwa mrundi wa mali akairudisha, na yuko asiyeaminika kwa dinari moja. Yeye aliyeziumba nyoyo na kuzijua siri zake hakuiacha lawama ya kaumu pasina kubagua baadhi na baadhi. Basi kiumbe asiyejua la mlango wa pili anapata wapi ushujaa wa kusema "wote"?

Na katika Hadithi aliyoipokea Ibn Majah kutoka kwa Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amwie radhi, Mtume (s.a.w.) amemhesabu katika waongo wakubwa kabisa mtu aliyegombana na mtu mmoja kwa mashairi, akalitukana kabila lake lote. Maulamaa wameiona sababu yake: katika kabila hakukosekani mtu mwema, na mwenye kuwatukana wote amemzulia huyo mwema.

Na katika fikihi ya Imamu Shafi, Mwenyezi Mungu amrehemu, imo mas'ala inayofaa kukumbukwa hapa. Sheikh Abu Is-haka Shirazi, aliyekufa mwaka 476 wa Hijra, ameeleza katika Muhadhab hukumu ya mtu aliyewasingizia zina watu wa mji mkubwa mzima, kama watu wa Baghdad. Mtu huyo hapigwi hadi ya kusingizia, kwa sababu hadi imewekwa ili kuondoa aibu kwa aliyesingiziwa, na hapa hapana aibu iliyompata mtu, kwa kuwa kila mwenye akili anakata kuwa maneno hayo ni uwongo. Lakini hutiwa adabu kwa uwongo wake. Tazama namna fikihi ilivyolipima jambo: shutuma ya mji mzima haihitaji shahidi wa kuikadhibisha; inajikadhibisha yenyewe kwa upana wake. Leo mambo yamegeuka. Neno likiwa pana ndipo watu wanapolisadiki.

Na katika Sura ya Nisai, kutoka aya ya 105 hata ya 112, kimo kisa kinachofanana mno na cha Hillsborough. Wafasiri wamesimulia kuwa mtu katika jamaa ya Bani Ubairik, waliokuwa wakijionyesha kuwa Waislamu, aliiba deraya. Alipokhofu kujulikana akaitupia lawama kwa Myahudi. Jamaa zake wakamjia Mtume wakimtetea, na dhana za watu zilikuwa nyepesi kumwelekea Myahudi. Zikashuka aya zikamtakasa Myahudi asiye na kosa, na zikamlaumu mwizi aliyekuwa katika safu ya Waislamu. Na imeelezwa kuwa mwenye kutenda kosa kisha akamtupia asiyekuwa na hatia amejitwika uzushi na dhambi iliyo dhahiri. Basi yule aliyelifungua lango kisha akasema limevunjwa na wengine, na yule aliyeiba deraya kisha akaitupa nyumbani kwa Myahudi, wamepita njia moja: kila mmoja alimtafuta mtu ambaye watu wako tayari kumdhania vibaya.

FASLU YA NNE
Namna khabari inavyopotosha bila ya kusema uwongo

Pengine gazeti husema kweli tupu, na msomaji akatoka na uwongo moyoni. Sababu yake ni kuwa khabari ni lile jambo lililotoka katika ada. Muadhini akiadhini mara tano kila siku kwa miaka 30, hapana gazeti litakaloiandika adhana yake. Siku moja akigombana na jirani yake, jina lake litasomwa mji mzima. Anayemjua muadhini kwa gazeti tu atadhani kuwa kazi yake ni kugombana. Na mashabiki waliotazama mpira wakarudi kwao kwa amani hawakuandikwa Jumamosi hata moja.

Tena iko ada nyingine iliyofichika zaidi. Mwizi wa kwao hutajwa kwa jina lake; mwizi mgeni hutajwa kwa taifa lake. Msomaji husoma mwaka baada ya mwaka, majina ya wa kwao humpotea, na jina la taifa geni humbakia, mpaka akaamini kuwa ameyaona kwa macho yake.

Na mtu wa pwani hahitaji kusafiri mpaka Sheffield ili aujue uchungu wa jambo hili. Mara ngapi ameambiwa kuwa watu wa pwani ni wavivu, na aliyeambiwa ametoka baharini usiku kucha akivuta jarife? Na baada ya mabomu ya tarehe 7 Agosti 1998 katika balozi za Marekani, Nairobi na Dar es Salaam, yaliyoua zaidi ya watu 200, Waislamu wangapi wasiojua lolote walitazamwa kwa jicho la shaka kwa ajili ya kanzu na kofia? Mwenye kuyaonja hayo ndiye aliye mbele ya watu wote kustahili kuyaacha. Na ajabu ni kuwa huyo huyo, akimaliza kulalamika, hugeuka akasema kuwa watu wa bara wote ni hivi, na Wahindi wote ni hivi, na Wazungu wote ni hivi. Kipimo anachokikataa akipimiwa, ndicho anachowapimia wenziwe.

FASLU YA TANO
Adabu za mwenye kubishana

Mabishano juu ya khabari za mataifa huharibiwa na watu wawili. Wa kwanza ni mwenye kulikuza kosa la baadhi likawa la wote. Wa pili ni mwenye kulikana kosa la kweli kwa kuwa limetendwa na watu wake. Wa kwanza amezua, na wa pili amekuwa na asabia. Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Sura ya Nisai, aya ya 135, watu wasimame na uadilifu hata juu ya nafsi zao na wazazi wao. Na katika Sura ya Maida, aya ya 8, amekataza chuki ya watu isimwondoe mtu katika haki. Aya ya kwanza inamzuia wa pili, na ya pili inamzuia wa kwanza.

Basi mwenye kutaka kusalimika na ashike haya:

Kwanza, aulize mtendaji ni nani, na walikuwa wangapi. Waliohukumiwa kwa Heysel ni 14. Neno "14" ni ushahidi. Neno "Waingereza" ni dhana.

Pili, aulize khabari imetoka kwa nani, na huyo ana maslaha gani. Imamu Nawawi katika Minhaji ameweka katika masharti ya shahidi kuwa asiwe mwenye kutuhumiwa, yaani asiwe ni mwenye kujivutia nafuu au kujiondolea madhara kwa ushahidi wake. Lau mas'ala hii moja, ambayo hudurusiwa na kila mwanafunzi wa fikihi, ingalitumiwa Aprili 1989, maneno ya polisi juu ya mashabiki yangaliwekwa kando mpaka yapatiwe ushahidi mwingine, kwa kuwa polisi wenyewe ndio waliokuwa wakiulizwa.

Tatu, asipitishe khabari kwa kuwa ameisikia tu. Imepokewa na Muslim kuwa yamtosha mtu kuwa mwongo kusimulia kila analolisikia. Na leo kusimulia ni kugusa simu kwa kidole. Wepesi wa tendo haupunguzi uzito wa dhambi.

Nne, aache mabishano yakishakuwa ni ya kutaka kushinda. Abu Dawud amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) amemdhaminia nyumba katika pembe za Pepo mwenye kuacha ubishi ijapokuwa yeye ndiye mwenye haki.

SUALI NA JAWABU

Suali: Je, ni haramu basi kuutaja uovu uliotendwa na watu wa taifa fulani?

Jawabu: Si haramu ikiwa ni kweli na pana haja. Imamu Nawawi ametaja sababu sita zinazohalalisha kumtaja mtu kwa aibu yake, miongoni mwazo kushitaki dhulma, kutaka msaada wa kuondoa uovu, na kuwaonya Waislamu na shari. Lakini ruhusa ni kwa kadiri ya haja. Anayemwonya msafiri kuwa katika bandari fulani kuna matapeli ametimiza wajibu wake. Anayemwambia kuwa watu wa bandari hiyo wote ni matapeli amezidisha.

Suali: Na ikiwa ada mbaya imeenea katika kaumu, hata mgeni ameiona kwa macho yake?

Jawabu: Aseme aliyoyaona, na mahali, na wakati. Ama mtu mmoja mmoja, asili yake ni kuwa hana hatia mpaka ithubutu. Kanuni hii ni ya fikihi yote, na mahakimu wameijenga kazi yao juu yake. Ada ya mji si ushahidi juu ya mtu aliye mbele ya kadhi.

Suali: Na aliyekwisha kupitisha uwongo juu ya watu, kisha ukabainika, atoke vipi?

Jawabu: Atubu kwa Mola wake, ajute, aazimie kutorejea, na kwa kuwa hapa pana haki ya viumbe, awarudie wale wale aliowaambia uwongo awaambie ukweli, kwa sauti ile ile na mahali pale pale. Aliyesema barazani asiombe radhi chumbani.

KHATIMA

Samaki wa pakacha moja wameoza kwa sababu wamegusana wakiwa wafu. Wanaadamu ni hai, na kila mmoja ana moyo wake, na kitabu chake, na siku yake ya kusimama peke yake mbele ya Mola wake. Siku hiyo hataulizwa mtu wa Liverpool juu ya ukuta wa Heysel ikiwa hakuwako. Bali ataulizwa kila mwenye ulimi, wa Liverpool na wa Lamu, juu ya watu aliowasema asiowajua.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu kuwa miongoni mwa wenye kuchunguza kabla ya kusema, na wenye kusema haki ijapokuwa juu ya nafsi zao, na awasitiri wasije wakawa sababu ya kudhulumiwa mtu aliye hai wala maiti. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Amin.